UZI: Nikita Katsalapov, Mrusi aliyemuacha patna wa medali ya Olimpiki akaanza upya. Alipatia au alibugi?

#1 Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Najua jukwaa hili asilimia kubwa ni mpira, ila leo naomba mnivumilie kidogo tuongee dansi ya kwenye barafu. Wale wa "huo ni mchezo gani tena" karibuni pia, nitaeleza taratibu.

Nataka tumjadili huyu jamaa Nikita Katsalapov, kazaliwa Moscow Julai 1991. Sababu ya kumchagua yeye na sio wale Warusi wenye dhahabu nyingi kumzidi ni moja tu, jamaa alifanya uamuzi mwaka 2014 ambao kila mtu aliyekuwa anafuatilia huu mchezo alimwona kachanganyikiwa.

Tuanze na mchezo wenyewe. Dansi ya barafuni ni mwanaume na mwanamke, na sio ule wa kurushana hewani, ule ni mwingine unaitwa wa jozi. Huku kwenye dansi hakuna kumrusha mwenzako, hakuna mizunguko mitatu hewani, na kumnyanyua unaruhusiwa ila sio kwa mkono ulionyooka juu ya kichwa, na mnyanyuo mfupi ukizidi sekunde 7 mnakatwa pointi. Sasa mtu atauliza wanashindania nini. Wanashindania miguu. Majaji wanaangalia ukingo wa kile chuma cha kiatu umeingia kwenye barafu kwa kina gani, umbali kati yenu ukoje, na kama kweli mnacheza na muziki au muziki unapiga tu na nyie mnapita. Hata kile chuma cha kiatu chao kwa nyuma ni kifupi kuliko cha wanaoruka, kwa sababu wanacheza karibu karibu sana na kikiwa kirefu watakanyagana.

Kwa hiyo patna ndio kila kitu. Ukiwa unateleza peke yako ukibadilisha kocha unaondoka na miguu yako, huku ukibadilisha patna umeacha nusu ya mwili wako kwa mtu mwingine.

Sasa Katsalapov alikuwa na patna anaitwa Elena Ilinykh, binti mzaliwa wa Aktau, Kazakhstan. Walikuwa chini ya kocha Alexander Zhulin, wakachukua ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2010 kule The Hague. Mwaka 2011 wakaondoka kwa Zhulin wakaenda kwa Nikolai Morozov. Wakapanda haraka, shaba ya Ulaya 2012, fedha 2013, fedha tena 2014. Halafu ikaja Olimpiki ya Sochi, nyumbani kwao, Februari 2014, wakacheza dansi huru (ile dansi ndefu ya mwisho, inatanguliwa na fupi halafu alama zinajumlishwa) kwa muziki wa Swan Lake wa Tchaikovsky mbele ya Warusi wenzao, ukumbi ukalipuka. Wakapata 183.48 na shaba, nyuma ya Davis na White wa Marekani na Virtue na Moir wa Canada, ambao miaka ile ukitaka kuwafunga uombe waumwe kwanza. Kabla ya hapo walishachukua dhahabu ya timu maana wao ndio walicheza dansi huru ya Urusi kwenye shindano la timu, lile ambalo nchi inajumlisha pointi za watelezaji wake wa aina zote.

Yaani jamaa ana miaka 22, binti ana 19, wana dhahabu ya timu na shaba, na hao wawili waliokuwa juu yao wala hawakuonekana tena ulingoni msimu uliofuata. Njia nyeupeee.

Mwezi uliofuata wakaenda mashindano ya dunia kule Saitama, Japani. Jamaa akakosea twizo kwenye dansi fupi (twizo ni ile ya kuzunguka kwa mguu mmoja huku unasogea, wote wawili kwa pamoja, mmoja akiyumba kila mtu anaona). Wakamaliza wa 4. Na kilichouma zaidi ni kwamba mwaka ule nafasi tatu za juu zilitenganishwa na pointi 0.06 tu, Waitaliano 175.43, Wakanada 175.41, Wafaransa 175.37. Dhahabu ilikuwa imelala pale chini inasubiri mtu wa kuiokota.

Wakatoka Saitama, haukupita muda habari zikatoka kwamba Katsalapov anaondoka, anaenda kucheza na Victoria Sinitsina.

Nitaendelea chini, mitandao leo inasumbua.

---

#2 Mdau

Naweka kambi hapa. Huyo Sinitsina ndio nani, au ndio mambo ya mapenzi?

---

#3 Mdau

Mleta mada usituache njiani kama zile nyuzi za "nitaendelea" halafu mtu anarudi baada ya miaka miwili.

---

#4 Mleta mada

Nimerudi wakuu.

Mkuu #2, Sinitsina alikuwa binti aliyetimiza miaka 19 mwaka ule, Moscow hapo hapo, naye alikuwa na patna wake Ruslan Zhiganshin. Sio wabovu, walikuwa mabingwa wa dunia wa vijana 2012 kule Minsk. Lakini Sochi walimaliza wa 16. Soma tena, wa 16. Jamaa kamuacha mtu aliyepanda naye kwenye jukwaa la medali akamfuata binti wa nafasi ya 16.

Na ndio likaja lile tukio la ajabu, maana Ilinykh aliyeachwa na Zhiganshin aliyeachwa wakaungana wao kwa wao. Kwa hiyo hawa watu wanne wamebadilishana, na wote wanne wanashindania nafasi zile zile za timu ya taifa, nchi ile ile, kwenye barafu ile ile. Fikiria Simba na Yanga wabadilishane namba 10 katikati ya msimu halafu wiki inayofuata kuna dabi.

Kuhusu mapenzi, hao wawili walikuja kuoana mwaka 2022, hilo halina ubishi. Ila mimi siamini kwamba mtu anaacha medali ya Olimpiki kwa sababu ya mapenzi peke yake, angeweza kumpenda huyu na akateleza na yule, wapo wengi tu wanaishi hivyo. Mtazamo wangu ni wa kiufundi na nitautetea. Ukiangalia video za zamani za Ilinykh, yule binti ni moto, uso unaongea, mikono inaongea, ukimuweka mbele ya majaji anawashika. Lakini Katsalapov ni mtelezaji wa aina nyingine, yeye sifa yake ni goti, anainama anasukuma mara moja tu anavuka nusu ya ukumbi bila kelele. Sinitsina naye hivyo hivyo, mrefu, mistari mirefu, hana papara. Ukiwaweka pamoja wanaonekana kama wamekua na mwalimu mmoja. Na kwenye mchezo ambao majaji wanatazama miguu hicho ni kitu kikubwa kuliko uso.

Ila sasa hiyo inaonekana ukishajua mwisho wa hadithi. Msimu wa kwanza ulikuwa aibu. Ilinykh na Zhiganshin wakachukua ubingwa wa Urusi, yaani wale walioachwa ndio wakapanda juu, huku jamaa wetu na binti wake hata podiamu ya nyumbani hawaioni, tena twizo zile zile zinamtesa. Walioandika "karma" mwaka ule ni wengi sana.

Wakahangaika na makocha. Wakaenda Marekani, Canton kule Michigan, kwa Marina Zueva, yule mama aliyewafundisha Davis na White na pia Virtue na Moir kwa wakati mmoja mpaka wote wakafika Olimpiki. Haikukaa. Wakarudi Moscow wakapita kwa Elena Tchaikovskaya, huyo ni bibi wa heshima kabisa, ndiye aliyewatengeneza Pakhomova na Gorshkov, mabingwa wa kwanza kabisa wa Olimpiki kwenye dansi mwaka 1976. Bado. Olimpiki ya PyeongChang 2018 ikaja ikapita, wao hawakuwepo. Jamaa mwenye dhahabu ya timu kutoka Sochi anaangalia Olimpiki nyumbani kwenye tivii.

Halafu wakatua kwa Alexander Zhulin. Ndio, Zhulin yule yule wa mwanzo ambaye Katsalapov alimuacha 2011. Mzee hakununa, akawapokea. Na Zhulin sio wa kubahatisha, mwenyewe alikuwa na fedha ya Olimpiki 1994 na ndiye aliyewapeleka Navka na Kostomarov kwenye dhahabu ya Torino 2006.

---

#5 Mdau

Uzi mtamu huu, sikudhani nitasoma habari za watu wanateleza kwenye friji mpaka mwisho. Endelea mkuu.

---

#6 Mleta mada

Haya. Machi 2019, mashindano ya dunia, na yanafanyika wapi? Saitama. Ukumbi ule ule alioharibu twizo miaka mitano nyuma na kumaliza wa 4 na Ilinykh. Safari hii anamaliza wa 2 na Sinitsina. Fedha ya dunia, na watu wakaanza kukaa kimya kimya.

Sasa mbele yao kukabaki ukuta mmoja tu, Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron wa Ufaransa. Hawa watu walikuwa hawafungiki. Ulaya walichukua mara tano mfululizo, 2015 mpaka 2019, na tangu wachukue fedha PyeongChang nyuma ya Virtue na Moir hakuna aliyewafunga tena. Wenzao wote walikuwa wanaingia ulingoni kugombea nafasi ya pili na wanajijua.

Januari 2020, Graz, Austria, ubingwa wa Ulaya. Dansi ya midundo (ndio ile dansi fupi, ilibadilishwa jina), Wafaransa 88.78, Warusi 88.73. Tofauti 0.05. Hapo watu wakaanza kukaa vizuri kwenye viti. Dansi huru, Warusi 131.69, Wafaransa 131.50. Jumla 220.42 kwa 220.28.

Pointi 0.14 wakuu! Kwa wasioelewa, majaji wanatoa alama za ubora kwa kila kipengele, kila mnyanyuo, kila twizo, kila mfululizo wa hatua, na jopo la ufundi linapanga kila kipengele kiko daraja la ngapi mpaka la 4. Ukishusha daraja moja kwenye kipengele kimoja, yaani ukingo mmoja umebonyea vibaya kwa sehemu ya sekunde, hiyo 0.14 imeshaondoka. Mimi nimeirudia ile video nikitafuta ni wapi hasa walipowapita, sioni pengo, ila ninachoona ni kwamba siku ile Katsalapov kwenye twizo zake hakuyumba hata kidogo, na yeye ndiye mtu ambaye mashabiki walikuwa wanafumba macho akifika kwenye twizo.

---

#7 Mdau

Mkuu umeandika vizuri ila unampamba sana. Ubingwa wake wa dunia wa 2021 Stockholm, Wafaransa hawakwenda. Hilo mbona hujasema? Bingwa wa dunia ambaye bingwa wa kweli kabaki nyumbani, tuwe wakweli.

---

#8 Mleta mada

Nilikuwa nafika huko mkuu, hujanisubiri tu.

Ni kweli kabisa, Papadakis na Cizeron hawakwenda Stockholm. Ule mwaka ulikuwa wa korona, mashindano ya dunia ya 2020 Montreal yalifutwa, ya Ulaya ya 2021 Zagreb yakafutwa pia. Stockholm ikachezwa bila mashabiki, watu wamefungiwa hotelini na ukumbini. Sinitsina mwenyewe msimu ule aliugua nimonia, wakakosa ubingwa wa Urusi. Bendera hawana, jina la nchi hawana, kwenye ubao wameandikwa kwa kifupi cha shirikisho lao kwa sababu ya adhabu ya dawa za kusisimua misuli waliyopewa Urusi. Katika hali hiyo wakapata 221.17, wa pili Hubbell na Donohue wa Marekani 214.71. Tofauti 6.46. Sasa unaweza kusema Wafaransa hawakuwepo, sawa, ila wengine wote walikuwepo na hakuna aliyewasogelea.

Lakini nakupa na silaha ya kunipigia. Beijing 2022, Olimpiki, Wafaransa wamerudi. Papadakis na Cizeron 226.98, Sinitsina na Katsalapov 220.51. Piga hesabu, tofauti ni 6.47! Yaani kipigo alichotoa Stockholm ndicho alichopokea Beijing, kimezidi kwa 0.01 tu. Kwa hiyo ukiniuliza nani mkubwa kati yao nitakwambia Wafaransa bila kupepesa macho. Graz walifungwa siku moja, Beijing wakajibu.

Ila hoja ya uzi wangu sio hiyo. Hoja ni je, angebaki na Ilinykh angefika hapo? Mimi nasema hapana.

---

#9 Mdau

Samahani mleta mada, wewe ni mwanaume nadhani, maana naona uzi mzima unamuangalia jamaa tu. Ilinykh je? Binti ana miaka 19, ana shaba ya Olimpiki, kaamka asubuhi patna hana. Mbona hilo umelipita kama daladala lililojaa?

---

#10 Mleta mada

Dada yangu hapo umenibana na una haki.

Ilinykh ndiye aliyelipa bili ya ule uamuzi. Alianza vizuri na Zhiganshin, ule ubingwa wa Urusi wa msimu wa kwanza sio mdogo, na dansi zake zilikuwa za kukalisha watu. Lakini kwenye kiwango cha dunia hawakupata ile medali kubwa, na mwaka 2017 Zhiganshin akastaafu kwa sababu za afya, majeraha. Binti akaachwa mara ya pili bila kosa lake, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki. Akajaribu patna mwingine, haikufika popote. Kwa hiyo mtu ambaye Sochi wengi walimwona ndiye nyota kati ya wale wawili alimaliza ushindani akiwa na miaka ishirini na kidogo.

Na hapa ndio ukatili wa huu mchezo ulipo. Wanawake wanaotaka patna ni wengi, wanaume ni wachache, hiyo ni kila nchi, Urusi, Marekani, Canada. Kwa hiyo mwanaume mzuri akiondoka anapata mwingine kabla jasho halijakauka, mwanamke anaweza kukaa mwaka mzima anajaribishwa na huyu na yule, huyu mfupi, huyu kocha wake hataki, huyu hana hela ya kuhamia Moscow. Katsalapov aliondoka akijua hilo. Mimi nasema kiufundi alipatia, sijasema alimtendea haki mwenzake.

---

#11 Mdau

Hapo #10 umeongea. Na Sinitsina naye alimuacha Zhiganshin vile vile, tusimsahau kijana wa watu.

---

#12 Mdau

Swali dogo, mbona baada ya Beijing siwasikii? Jamaa alikuwa na miaka 30 tu.

---

#13 Mleta mada

Mkuu #12, vita. Beijing imeisha Februari 20, siku nne baadaye Urusi ikaivamia Ukraine, tarehe 1 Machi 2022 shirikisho la dunia la kuteleza, ISU, likawafungia Warusi na Wabelarusi wote. Mashindano ya dunia yalikuwa mwezi ule ule Montpellier, Ufaransa. Wao ndio mabingwa watetezi na hawakuruhusiwa kukanyaga, Papadakis na Cizeron wakachukua wakiwa nyumbani kwao. Tangu hapo hawa wawili hawajacheza tena mashindano ya kimataifa, wamebaki kwenye maonyesho ya barafuni kule Urusi, ambako ni biashara kubwa tu, nyota wao wengi wanaishia huko na pesa ipo.

Kuna wanaosema ni uonevu kumwadhibu mtelezaji kwa vita ya serikali yake, na kuna wanaosema wapo watelezaji wa Ukraine wanakimbia mabomu na kumbi zao zimevunjwa kwa hiyo acha na hawa wakae pembeni. Mimi nipo upande wa pili, ila sitaki uzi ugeuke wa siasa, mods wataufunga.

Sasa kuna ile ya medali ya timu ya Beijing, hii naona wengi wanachanganya. Sinitsina na Katsalapov walicheza dansi zote mbili za timu, wakashika nafasi ya 2 mara zote mbili nyuma ya Wamarekani. Urusi ikamaliza ya kwanza kwa pointi 74, Marekani 65, Japani 63, Canada 53. Halafu likaibuka la Kamila Valieva, yule binti wa miaka 15, sampuli yake ya Desemba ikakutwa na trimetazidine, dawa ya moyo. Medali zikazuiwa, hakuna sherehe, watu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kesi ikaburuzwa mpaka Januari 29, 2024 ndio mahakama ya michezo CAS ikamfungia miaka minne. Pointi zake 20 zikafutwa, Urusi ikabaki na 54.

54 kwa 53 ya Canada. Pointi MOJA. Wakanada wakakata rufaa, wakisema ukimtoa Valieva kwenye orodha basi waliokuwa nyuma yake wapande nafasi moja moja na pointi ziongezeke, na wakipanda Canada inapita. CAS ikatupa rufaa. Kwa hiyo Marekani dhahabu, Japani fedha, wakakabidhiwa medali zao Paris tarehe 7 Agosti 2024 kwenye Olimpiki ya joto huku jua linawaka, Urusi ikashushwa shaba.

---

#14 Mdau

Duh. Kwa hiyo zile nafasi mbili za pili za hao wanandoa ndio zimeokoa hiyo shaba?

---

#15 Mleta mada

Kila nafasi ya pili ni pointi 9, wao peke yao wameleta 18 kati ya hizo 54. Wangeshuka nafasi moja kwenye dansi moja tu, Urusi inabaki na 53, na kama aliyewapita ni Mkanada basi Canada inafika 54 au zaidi na shaba inaondoka.

Na kwa wale wanaodhani hakuna mwingine wa kiwango cha juu anayeanza upya na patna mpya, mwangalieni Cizeron. Papadakis katangaza kustaafu Desemba 2024, Machi 2025 jamaa katangaza patna mpya, Laurence Fournier Beaudry. Safari hii sijaona aliyeandika "karma".

---

#16 Mdau

Mleta mada tuletee na ule wa Navka na Kostomarov basi, umewataja ukawapita.

---

#17 Mleta mada

Ule unataka uzi wake mkuu, maana Kostomarov naye alishawahi kuachana na Navka akaenda kwa mwingine kisha akarudi, na haya yote kabla hawajashinda chochote. Nikipata bando ya kutosha wikiendi naushusha.